Bomba la Moshi Huchaguliwa Kuanzia Mkiani

Leo tuzungumze habari ya bomba la moshi la pikapu, eshapema, na namna ya kuchagua jipya pale lile lililokuja na gari linapotoboka, linapooza, au mwenye gari anapolichoka tu.

Najua yuko anayejiuliza kama hilo ni jambo la kutolewa muda redioni. Huyo hakai Annexe. Kwa ukubwa wa ardhi komine yetu inazipita nyingine zote sita za Lubumbashi. Imeuzunguka mji, na karibu kila njia inayotoka mjini hupita kwetu, iwe inaelekea Kasumbalesa, Likasi, Kipushi au Kasenga. Lami iko kwenye njia kubwa. Ukikata kona kuingia mtaani unakuta vumbi tangu Mei hadi Oktoba, kisha matope mpaka mvua ichoke yenyewe. Ndiyo maana gari la kazi hapa ni pikapu: Hilux, Nissan Hardbody, Mitsubishi L200, na kwa mwenye mfuko mzito au mwenye kazi ya mgodi, Land Cruiser 79. Hubeba makala ya kupikia, mahindi, saruji, samaki wa Kasenga, vitanda vya wanaohama. Na hubeba watu. Kila siku ya Mungu hubeba watu, nyuma, juu ya mzigo.

Sasa mtu akienda kununua bomba, swali lake la kwanza huwa ni hili: linalia namna gani? Muuzaji anawasha gari lililofungwa bomba kama hilo, anakanyaga mara mbili tatu, uwanja wote unageuza shingo, na biashara imekwisha. Mimi ningependa tuanze na swali jingine. Moshi utatokea wapi, na pale utakapotokea kuna nani? Ukishajibu hilo, sehemu kubwa ya kazi ya kuchagua umeimaliza, hata kabla hujauliza bei.

Kwa hiyo tuanze na mkia, tupande polepole kuelekea injini.

Pikapu inapokimbia, nyuma ya bodi yake hewa hubaki imepungua. Pale huwa na mvuto. Mmeuona wenyewe kwenye njia ya Kasenga wakati wa kiangazi: vumbi halibaki nyuma ya gari, linazunguka, linarudi, linaingia ndani ya karoseri na kuwapaka nyeupe waliokaa mwisho kabisa. Moshi wa bomba hufuata njia ileile ya vumbi, tofauti ni kwamba hauonekani. Ukiwa umefunika karoseri kwa bashi, yaani turubai, na kuacha nyuma wazi, umewatengenezea abiria wako chumba kinachovuta moshi kutoka mlangoni. Ndani ya moshi huo kuna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Injini ya esansi, yaani petroli, huitoa kwa wingi. Injini ya mazutu, yaani dizeli, hutoa kidogo, lakini yenyewe ina masizi, na mnamo Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kwamba huleta saratani kwa binadamu. Mama anayekaa nyuma ya pikapu saa nne na mtoto mgongoni hana habari na kundi la kwanza wala la pili. Anachojua ni kwamba akishuka kichwa kinamgonga, na anasema ni jua.

Basi kanuni ya mkia ni fupi: mdomo wa bomba utoke nje kabisa ya bodi, upite ukingo wa bashi, na uwe chini. Ninapoona bomba limekatwa katikati, chini ya sakafu ya karoseri, nyuma kidogo ya ekseli, kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa ghali au kilikuwa kinagonga springi, naona mtu aliyeokoa falanga kidogo kwa gharama ya mapafu ya abiria wake. Sakafu za karoseri zetu zimetobolewa na kutu. Weka chumvi na samaki wabichi juu yake miaka mitano, utaiona barabara ukiwa umekaa humo. Moshi unaomwagwa chini ya sakafu ya namna hiyo unapanda moja kwa moja.

Kuna bomba linalotokea ubavuni, mbele ya gurudumu la nyuma. Vijana wanalipenda, na kusema kweli lina faida: ni fupi, halifiki kwenye mzunguko wa springi, na ukirudi nyuma kwenye lundo la mchanga halizibwi. Lakini uliza linatokea upande gani. Sisi tunaendesha kulia, hata kama mengi ya magari yetu usukani wake uko kulia vilevile kwa kuwa yametoka Japani au yamevuka kutoka Afrika ya Kusini na Zambia, nchi zinazoendesha kushoto. Upande wetu wa kulia ndio ulipo ukingo wa barabara, na ukingoni ndiko waliko wenye kuuza makala, wenye kuuza mandazi, na watoto wa shule. Bomba la ubavu wa kulia linawapulizia hao usoni kila unaposimama. Kama ni la ubavuni, litokee kushoto.

Na wale wa mabomba mawili yaliyosimama wima nyuma ya kabini, mfano wa malori makubwa ya Marekani? Kwa gari la maonyesho, sawa. Kwa gari linalobeba magunia ya makala chini ya turubai na bidoni za mazutu, bomba la moto lililosimama katikati ya mzigo ni jambo ambalo hata sielewi linahitaji mjadala wa nini.

Baada ya mkia tunafika kwenye sailensa, lile pipa la kuzima kelele, na hapa ndipo penye uongo mwingi kuliko kwingine. Watu wanaamini kelele ni nguvu. Sailensa ikitolewa gari linanguruma, mwenyewe anakaa wima kwenye kiti, anasema limekuwa jepesi. Pima kwa kupanda mlima na mzigo uleule, kwa gia ileile, uone kama kweli umepata kitu.

Sailensa ziko za namna tatu. Ya kiwandani, moshi huingia, huzungushwa na kurudishwa kupitia vyumba kadhaa kabla ya kutoka, kwa hiyo ni kimya na inabana kidogo. Ya vyumba vya mabati, ambayo kampuni ya Kimarekani ya Flowmaster imejulikana kwayo, hugonganisha mawimbi ya sauti yauane yenyewe, na hutoa mngurumo mzito. Ya moja kwa moja, kama nyingi za MagnaFlow, ni bomba lenye matundu madogo lililozungushiwa sufi ya kioo au ya chuma. Moshi hupita bila kuzuiwa, na sauti ndiyo inayomezwa na sufi. Kwa pikapu ya mazutu yenye turbo, hii ya tatu inafaa sana ikiwa ndefu, maana turbo yenyewe tayari imekwisha kula sehemu ya kelele. Ila ile ya bei rahisi, sufi yake hupeperushwa na moshi kidogokidogo, na baada ya muda unabaki na pipa tupu linalolia.

Usiichague kwa kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Sauti inayosumbua haiko huko. Iko kwenye mwendo wa safari, pale unapokwenda kilomita 80 au 90 kwa saa kuelekea Likasi na mshale wa mizunguko umetulia karibu na 2,000. Bomba lisilo na sailensa ya maana huanza kuvuma ndani ya kabini, mvumo mmoja usiobadilika, na kutoka hapa mpaka Kolwezi ni kilomita kama 300 za mvumo huo. Kwa hiyo omba kuendesha gari la mtu aliyekwisha kulifunga, barabarani, vioo vimefungwa. Na ufikirie saa unayotoka nyumbani. Mwenye kwenda Kasenga kuchukua samaki huwasha gari usiku wa manane. Kwenye mitaa yetu ukuta wa jirani uko hatua chache tu, na huko Kasapa kuna wanafunzi wa chuo kikuu wanaosoma kwa tochi ya simu kwa sababu umeme umekatika. Kila sauti ikiongezeka desibeli 10, sikio huisikia kama imekuwa maradufu. Siongezi neno.

Sasa unene wa bomba. Hapa nawaomba tuende taratibu kwa sababu mafundi wetu wengi wana jibu moja kwa magari yote: weka inchi 3.

Ikiwa injini ni ya mazutu na ina turbo, kama Hilux ya D-4D ya lita 2.5 au 3.0, bomba pana lina maana. Turbo inazungushwa na moshi, na nguvu ya kuizungusha hutokana na tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya gurudumu lake. Nyuma kukiwa wazi, turbo huamka mapema na joto la moshi hushuka, jambo ambalo mwenye kubeba tani moja kupanda kilima atalishukuru. Inchi 2.5 mpaka 3 ni sawa. Zaidi ya hapo unanunua chuma tu.

Ikiwa ni Land Cruiser yenye ile injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, punguza matumaini. Injini hiyo inapendwa kwa uvumilivu wake, na hakuna bomba litakaloifanya ikimbie. Inchi 2.5 isiyobanwa kwenye kona inaitosha.

Na ikiwa ni ya esansi, kama Hilux ya lita 2.7, bomba pana kupita kiasi ni hasara. Moshi ukipewa nafasi kubwa mno hupoteza mwendo, na mwendo huo ndio unaosaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Gari litalegea kwenye mizunguko ya chini, yaani palepale unapohitaji nguvu ukiwa kwenye matope ya Januari.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Gari linashushwa melini Dar es Salaam, likiwa usawa wa bahari, linapumua vizuri. Linapita Tunduma, linavuka Zambia, linafika kwetu kwenye mita kama 1,200, ambako hewa imepungua kama sehemu moja kwa nane. Lisilo na turbo linapoteza nguvu karibu kwa kiasi hichohicho, na kama pampu bado inasukuma mafuta yaleyale, linatoa moshi mweusi. Mwenyewe anasema bomba limeziba. Halijaziba. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na kabla ya kununua bomba fungua chujio la hewa. Agosti hapa, chujio lililosafishwa wiki mbili zilizopita unaweza kulima mchicha juu yake. Moshi wa buluu ni oili inaungua, hiyo ni kazi ya injini yenyewe. Mweupe asubuhi za baridi za Juni na Julai, ukiisha gari likipata moto, usikunyime usingizi. Dawa ya hayo yote haiuzwi kwenye duka la eshapema.

Tuje kwenye chuma, na hapa Katanga ni yetu, hatupaswi kudanganywa juu ya metali.

Bomba la kawaida ni chuma cheusi kilichopakwa rangi ya fedha. Juu yake kuna chuma kilichovikwa aluminiamu, kinachovumilia joto na kutu vizuri zaidi kwa bei isiyotisha. Kisha inox, nayo si moja. Kuna ile inayoitwa 409, yenye kromiamu kama asilimia 11. Viwanda vingi vya magari huitumia. Hushika kutu ya juujuu lakini haitoboki haraka. Kuna 304, yenye kromiamu 18 na nikeli 8, inayobaki inang'aa miaka. Na kuna 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na nafasi kupewa manganizi. Dukani inang'aa sawasawa na 304, na muuzaji ataiita inox bila kupepesa jicho.

Watu huja na sumaku. Sumaku inasaidia nusu. Ikinasa kwa nguvu, si 304, hapo umejua. Lakini yaweza kuwa 409 nzuri au chuma cheusi kilichopakwa rangi, na sumaku haitakuambia ni kipi. Isiponasa, yaweza kuwa 304 au ni 201. Kwa hiyo pamoja na sumaku tazama ndani ya mdomo wa bomba, mahali rangi haifiki, tazama unene wa ukuta, usiwe chini ya milimita 1.5, kisha libebe. Bomba jepesi mkononi litakuwa jepesi pia barabarani, mpaka siku litakapokuwa vipande viwili.

Kwa nini mabomba yetu yanaoza kutoka ndani? Mafuta yana salfa, moshi una mvuke wa maji, na vikikutana ndani ya bomba baridi hutengeneza asidi. Ulaya dizeli ya barabarani hairuhusiwi kupita sehemu 10 za salfa kwa milioni tangu 2009. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka 50 mwaka 2015, na sisi tuliingia Jumuiya mwaka 2022. Kanuni ni kitu kizuri. Lakini mazutu unayopimiwa kwa bidoni kandokando ya barabara na wale tunaowaita ba-Khadafi hayana karatasi ya mtu yeyote. Safari fupifupi ndizo mbaya zaidi, Kasapa hadi mjini na kurudi, bomba halipati moto wa kukausha maji yake. Maji yanatulia mahali pa chini kabisa, ambapo kwa kawaida ni tumboni mwa sailensa. Ukiiona sailensa ya kiwandani, chini yake utakuta kitundu kidogo, milimita 2 au 3. Kimewekwa makusudi maji yatoke. Nimeona mafundi wakikichomelea wakidhani wamegundua tobo, na mteja akawashukuru.

Niwasifu lakini mafundi wetu, maana si haki kuwasema tu. Mtu asiye na fedha ya bomba lililopindwa kiwandani anaweza kupata kazi nzuri hapahapa. Wazee kadhaa walijifunzia ufundi katika karakana za kampuni ya madini ya Gécamines na za reli ya SNCC, na wamewaachia vijana ujuzi. Tazama wanavyopinda bomba bila mashine. Wanachukua mchanga, wanaukausha juu ya bati lenye moto mpaka hautoi mvuke tena, kwa sababu mchanga wenye unyevu ukifungiwa na kupashwa moto hurusha kizibo kama risasi. Wanaujaza ndani ya bomba huku wakiligonga ubavuni ili ushuke na kukaza, kisha wanaziba ncha mbili. Wanachora kwa chaki mahali pa kona. Moto wa gesi unazungushwa hapo polepole mpaka chuma kiwe chekundu cha giza, halafu wawili wanavuta, mmoja anamwagia maji upande usiotakiwa kupinda. Mchanga ulio ndani unalizuia bomba lisikunjamane. Likipoa wanamimina mchanga nje, na kona iliyobaki ni ya mviringo, upana uleule mwanzo mwisho. Ilinganishe na kona za mashine ya kubana, ambazo hufinywa kama tumbo la mrija wa soda: bomba linaloitwa inchi 2.5 linapita kwenye kona likiwa inchi 2. Ukiwa dukani pitisha kidole kwenye kona kabla ya kusoma karatasi ya sifa.

Ila kuchomelea inox kuna sharti lake. Baketi, ile fimbo ya kuchomelea, ya kawaida ya chuma cheusi haifai; mshono utaoza kabla ya bomba. Inox kwa inox ni 308L, inox kwa chuma cheusi ni 309L, na namba hizo huandikwa kwenye pakiti. Muombe fundi akuonyeshe pakiti. Na kabla hajagusa gari, waya wa hasi wa betri utolewe, la sivyo umeme wa kuchomelea utatafuta njia yake kupitia alteneta au kompyuta ya injini.

Tumepanda mpaka sehemu ambayo wengi wanaikata na kuitupa. Au wanadhani inatupwa. Magari ya esansi, na ya mazutu ya miaka ya karibuni, yana masega ndani ya bomba, kile kisanduku chenye vitundu mithili ya nyuki walivyojenga, cha kusafishia moshi. Kwenye kuta za vitundu hivyo kumepakwa platini, paladiamu na wakati mwingine rodiamu. Zaidi ya nusu ya platini ya dunia inachimbwa Afrika ya Kusini, na hapa inakuja imejificha chini ya Hilux. Sisi tunaokaa juu ya shaba na kobalti, tunaojua jinsi jiwe linavyopimwa kwa asilimia kabla ya kutajwa bei, tunamwachia fundi masega yetu bure na kumlipa fedha ya kuyakata! Anayejitolea kuyatoa bila malipo ana hesabu yake. Yakiwa hayajavunjika wala kuziba, yaache mahali pake, maana faida ya nguvu unayoahidiwa ni ndogo, na moshi usiosafishwa utarudi kwa walewale waliokaa nyuma. Yakiwa yamekufa kweli, gari linakosa nguvu kwenye mizunguko ya juu na ukiyagonga kwa kiganja yanacheza ndani, basi nunua mengine, na ya zamani beba nyumbani. Mnunuzi utampata.

Kuhusu chujio la masizi, DPF, suala ni gumu zaidi na sitajifanya kuwa ni jepesi. Pikapu za mazutu zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Japani miaka ya karibuni zinalo. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Afrika hazina. Chujio hilo hukusanya masizi, kisha hujichoma lenyewe kwa joto la nyuzi kama 600, na ili lifanye hivyo linataka mafuta yenye salfa kidogo na safari ndefu ya mwendo mmoja. Hapa linapata kinyume cha vyote viwili. Linaziba, taa inawaka, gari linakataa kukimbia. Fundi anasema tukate. Na akikata lazima kompyuta idanganywe pia, kazi ambayo si kila aliye na waya na kompyuta ya mkononi anaijua, na ikifanywa ovyo gari hunywa mafuta na kutoa wingu. Ushauri wangu unaanza mapema zaidi: unapochagua pikapu ya kuagiza, uliza kama ina DPF, na kama gari lako litaishi kati ya Kisanga na mjini, nunua isiyo nayo. Kama umekwisha kuwa nayo, chujio lioshwe, usilikate mara moja, na mara moja kwa wiki lipeleke gari barabara ya Likasi likimbie. Wakati chujio linajichoma usiegeshe gari kwenye majani makavu. Septemba msitu wa kandokando ya mji hauhitaji msaada kuwaka.

Yaliyobaki ni madogo, na ndiyo yanayovunja bomba. Barabara zetu hutikisa. Bomba linapaswa kuning'inia kwenye mpira, na karibu na injini liwe na kipande kile cha nyaya za chuma kinachojikunja, maana injini hucheza upande huku na fremu upande kule. Fundi akichomelea bomba moja kwa moja kwenye fremu kwa nondo, ili liwe imara, mkunjo wote utaenda kwenye shingo ya bomba na huko ndiko litakapokatikia. Gasketi ziwe mpya. Bolti ziwe za chuma kigumu na zipakwe grisi ya shaba, ili atakayezifungua siku nyingine asizikate. Sensa zilizokuwa kwenye bomba la zamani zihamie kwenye jipya, mahali palepale. Kisha uache nafasi ya vidole viwili kati ya bomba na kitu chochote: waya, mrija wa breki, tangi.

Kazi ikiisha, usilipe kwa kusikiliza mngurumo. Liache gari lipoe, liwashwe likiwa baridi, injini izunguke bila kukanyagwa mafuta. Mtu mmoja avae glavu nene, akunje gunia lenye maji na kuziba mdomo wa bomba kwa sekunde chache. Wewe pita chini ukisikiliza kila mshono kuanzia kwenye injini mpaka mkiani, na kwenye kila kiungio paka maji ya sabuni utazame mapovu. Bomba lililofungwa vizuri litasukuma gunia kwa nguvu, na injini itaanza kudhoofika itake kuzima. Ikiendelea kuzunguka kwa raha zake kama vile hakuna aliyeziba kitu, moshi umepata mlango mwingine, mara nyingi chini ya miguu ya dereva. Fundi arudi chini ya gari, na falanga zilizobaki zikae mfukoni mwako.